Karatasi Iliyosainiwa Buchani

"Verlie, hivi mtoto akizaa mtoto, mkubwa hapo ni nani?"

Earline aliniuliza hivyo mwezi wa tano mwaka jana, amesimama upande wake wa ua na kikapu cha nguo kiunoni. Kengele ya kanisa ilikuwa imeshalia saa sita na mimi nilikuwa katikati ya sala ya Malaika wa Bwana. Tumekaa jirani miaka thelathini na moja, anajua kwamba wakati huo siongei na mtu. Alingoja nimalize, akaona nimeingia ndani, akaenda zake. Lakini swali aliniachia. Nililibeba hadi Kwaresima ya mwaka huu, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kuiandika, maana imeisha vizuri na sasa naweza kuisimulia.

Aliyezaa ni Marlisa Papillion. Mimi ndiye niliyemshika kwenye maji ya ubatizo. Kwetu Louisiana mama wa ubatizo anaitwa Nanan, na hilo si jina la kutania tu wakati wa Krismasi. Mama mzazi akifa, Nanan anafungua mlango. Mama yake, Odalie, alifariki Marlisa akiwa na miaka kumi na mmoja. Tangu hapo mlango wangu haukufungwa kwa komeo, hata baada ya mume wangu Alcide kufa nikabaki peke yangu.

Baba yake, Curley Papillion, si mtu mbaya. Niliandike hilo mapema. Anafanya kazi kwenye kisima cha mafuta baharini, siku kumi na nne huko, siku kumi na nne nyumbani. Ni mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Marlisa alipopata mimba akiwa na miaka kumi na sita, na kijana mwenyewe akahamia Atlanta na mama yake, Curley hakupiga kelele. Aliacha kusema naye, basi. Mwezi mzima chakula kilikuwa kinaliwa katika nyumba ile kama kwenye matanga.

Mtoto alizaliwa, akaitwa Emery. Ndipo dada yake Curley, Ernestine wa Houston, akaleta mpango. Ernestine ameolewa miaka ishirini na hajajaliwa mtoto. Alisema Marlisa aende kwake na Emery. Emery atamwita Ernestine mama, Marlisa atarudi shule, na mambo yataendelea kama vile hakijatokea kitu.

"Kama vile hakijatokea kitu," Marlisa aliniambia jikoni kwangu, anakoroga mchuzi wa bamia huku mtoto amelala begani. "Nanan, nina mshono wa inchi sita tumboni. Hakijatokea kitu?"

Mwezi wa kumi alihamia kwangu na begi moja. Tulikaa naye vizuri. Kwetu, mkesha wa Watakatifu Wote, watu huenda makaburini kupaka chokaa makaburi ya ndugu zao, yawe meupe padre atakapopita kubariki. Mwaka ule Curley alikuwa baharini. Marlisa akaazima ndoo yangu na brashi ya marehemu Alcide, akapaka kaburi la Odalie tangu asubuhi mpaka saa nane mchana. Mimi nilikaa kwenye kiti cha kukunja nimempakata Emery, nasali rozari. Akilia, Marlisa anafuta mikono, ananyonyesha, anarudi kwenye brashi.

Siku tano baadaye Curley alirudi nchi kavu, akaja kwangu na askari wa wilaya. Hakuingia. Alisimama kwenye baraza na kofia mkononi, askari ndiye aliyesema.

"Bi Lemelle, huyu binti hajatimiza miaka kumi na minane. Baba ndiye anayeamua alale wapi."

"Na mtoto?" nikauliza.

"Mtoto ni wa kwake huyu binti. Hakuna wa kumchukua bila yeye kutaka."

Marlisa akatoka nyuma yangu. "Yaani mimi naweza kusaini hospitali mwanangu apasuliwe, lakini siwezi kusaini nikodi chumba?"

"Sheria sikuitunga mimi, binti," askari akasema, na kweli alionekana ameona aibu.

Basi hapo swali la Earline likanirudia lote. Emery ni wa Marlisa, Marlisa ni wa Curley, na ukimvuta mmoja unawavuta wote wawili. Walipanda gari la Curley. Mimi nilibaki na kisahani cha uji wa Emery, nikakiosha mara tatu.

*

Marlisa hakukaa akalia. Kila siku alipanda basi la shule na mtoto kifuani, akamwacha kwenye kituo cha kulelea watoto cha shule, akasoma. Mjini kuna chuo cha wauguzi wasaidizi chenye vyumba kwa wanafunzi wenye watoto. Walimkubali masomo, wakamkubali na chumba, ila mkataba wa chumba lazima usainiwe na mtu mzima. Baba asaini badala yake? Curley alisema hatasaini mkataba wowote ila tiketi ya Houston.

Ndipo mwalimu mmoja akampeleka kwa wakili wa msaada wa sheria, dada mmoja mwembamba anayetembea upesi. Yule wakili akamweleza kuwa hapa Louisiana mtoto wa miaka kumi na sita na kuendelea anaweza kumwomba jaji amhesabu mtu mzima kabla ya wakati. Ukishahesabiwa, unalala unapotaka, unasaini mwenyewe, na hakuna askari wa kuja barazani. Mzazi akikubali kwa maandishi, jaji anamaliza siku moja. Mzazi akikataa, kesi inasikilizwa, inaahirishwa, inasikilizwa tena.

Wakili alikwenda kumwona Curley mwenyewe. Sijui walisema nini. Ninachojua ni kwamba mwishowe Curley alisema, "Ilete hiyo karatasi," kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Sasa hapa ndipo kosa letu lilipoingia.

Karatasi ya namna hiyo lazima mzazi aisaini mbele ya mthibitishaji wa hati na mashahidi wawili, wote pamoja, wanaonana. Hapa kwetu mthibitishaji ni Wilmer Zenon. Ana bucha. Mbele anauza nyama ya moshi na soseji za wali, nyuma ana meza, muhuri, na picha ya Moyo Mtakatifu. Nyumba zote za huku zimeuzwa kwenye meza ile. Na kwa sababu watu hawana nafasi ya kukaa kungojana, Wilmer ana utaratibu wake. Mwenye hati anasaini anapopita. Mashahidi wanasaini wanapokuja kununua nyama. Mwisho wa wiki Wilmer anagonga muhuri na kila mtu anaendelea na maisha. Mimi nimekuwa shahidi wa Wilmer miaka arobaini. Nimeshuhudia mashamba, boti, wosia mbili na ndoa moja iliyovunjika, na sikumwona hata mtu mmoja anasaini.

Curley alisaini Jumatatu alfajiri, kwenye boneti ya gari, injini inaunguruma, akikimbilia boti ya kwenda kisimani. Mimi nilisaini Jumamosi, nilipokwenda kuchukua soseji za chakula cha Jumapili. Earline alisaini dakika kumi baada yangu.

"Weka jina lako hapo, Bi Verlie, chini ya la Curley," Wilmer aliniambia, mikono yake ina mafuta, anaonyesha kwa kiwiko.

Nilisoma darasa la nne tu, nikaacha shule niende kuchimba viazi vitamu na wenzangu. Herufi nasoma kwa kidole. Lakini jina la Marlisa nililiona, nikafurahi, nikaandika langu chini polepole, nikanunua na paja la bata.

*

Siku kumi na nne ni nyingi kwa mtu aliyeko baharini na simu. Ernestine alimpigia Curley kila jioni. Aliporudi nchi kavu Jumatatu, alikuwa mtu mwingine. Alikwenda moja kwa moja mahakamani, akasema karatasi ile haifai, alisaini peke yake, hapakuwa na shahidi hata nusu. Na Jumamosi atampeleka binti yake Houston.

Wakili alinipigia simu Jumanne. "Jaji atawauliza nyie mashahidi Alhamisi asubuhi. Mama, mlikuwepo?"

Nikaanza kumweleza habari za soseji za Jumamosi.

"Basi," akasema, na nikasikia anavuta pumzi. "Sitakufundisha la kusema. Ila ujue hali ilivyo. Chuo wanamshikia chumba mpaka Ijumaa saa kumi. Karatasi ikianguka, kesi itakwenda mwezi wa sita."

Alhamisi Earline alinipeleka kwa gari lake, mimi na yeye tu; Marlisa na Emery wangetukuta hukohuko na wakili. Mashamba ya mpunga pande zote yalikuwa yamejaa maji na mitego ya kukamatia kamba wa maji baridi. Nilishika rozari, lakini Earline hakunipa nafasi.

"Sikiliza, shoga yangu. Akikuuliza ulikuwepo, sema nilikuwepo. Neno moja. Kwani hukuwepo buchani?"

"Nilikuwepo Jumamosi. Curley alisaini Jumatatu."

"Bucha si lilelile? Limehama?"

"Tutaapishwa, Earline."

"Nitaapa, na Jumamosi nitakwenda kuungama. Padre yupo kwa kazi gani?" Akapunguza mwendo kwenye daraja. "Na wewe na ukweli wako, yule binti akipelekwa Houston, ukaungame na hilo pia."

Aliniuma. Usiku kucha nilikuwa nimejiuliza hilohilo, na kila nilipomwomba Bikira Maria anionyeshe njia, nilikuwa namuona Emery kwenye mikono ya Ernestine. Nikamwambia, "Endesha gari, Earline."

Kwenye ngazi za mahakama tulimkuta Marlisa. Amevaa gauni la kipaimara la dada wa rafiki yake, limembana mabegani. Emery alikuwa anapiga mateke, soksi moja imeshamtoka. Tuliitafuta tukaikosa. Curley alikuwa amesimama juu kabisa, karibu na mlango, katika koti alilolivaa kwenye mazishi ya Odalie.

"Habari za asubuhi, Bi Verlie," akaniambia.

"Nzuri, Curley. Umepungua."

"Chakula cha kisimani." Hakumtazama bintiye. Akashika mlango tukapita sote, na mtoto akapita mbele ya kifua chake akimkodolea macho.

*

Tuliingia ofisini kwa jaji, siyo kwenye ukumbi. Jaji Castille ni mama wa makamo, nywele fupi, miwani imefungwa kwa mnyororo. Wilmer alikuwa ameshafika, amevaa tai, ananuka moshi wa nyama hata hivyo. Viti havikutosha, Wilmer akasimama.

Jaji akaiinua karatasi. "Bwana Papillion anasema hakuna aliyemwona akisaini. Ni hati ya kumhesabu binti huyu mtu mzima, kwa hiyo nataka nijue. Shahidi wa kwanza hapa ni Verlie Lemelle. Ni nani?"

"Ni mimi, Mheshimiwa."

Akaniapisha. Niliweka mkono juu ya Biblia, na ilikuwa baridi, sijui kwa nini nakumbuka hilo.

"Mama Lemelle, ulikuwepo Bwana Papillion alipotia saini hii?"

Nilimtazama Marlisa. Alikuwa ananitazama vilevile, hakunibembeleza kwa macho, alikuwa anangoja tu. Nikamwona akiwa na miaka saba, nimempeleka komunyo ya kwanza, ameniuliza kama Yesu anaumia akitafunwa. Huyu mtoto mimi ndiye niliyemfundisha kusema ukweli. Sasa nimdanganyie mbele yake?

"Hapana, Mheshimiwa. Sikuwepo. Nilisaini Jumamosi nilipokwenda kununua soseji. Na si hii tu. Miaka arobaini nimesaini hivyo. Kama ni jela, nina dawa zangu za presha kwenye mkoba."

Wilmer alitazama dari. Jaji alivua miwani.

"Jela haipo leo. Na shahidi wa pili? Earline Batiste?"

Earline akasimama. Mdomo wake ulikuwa umeshajiandaa, niliuona kabisa. Akanitazama, akamtazama jaji, akaitazama Biblia.

"Mimi, Mheshimiwa, nasimama na Verlie. Nilikuja dakika kumi baada yake. Nilinunua shingo ya bata bukini."

"Sikuuliza ulinunua nini."

"Nasema ili upate picha kamili."

Jaji akaiweka karatasi pembeni, upande ule wa meza ambao vitu vikiwekwa havirudi. "Hati hii haifai. Bwana Zenon, mimi na wewe tutazungumza baadaye."

"Ndiyo, Mheshimiwa," Wilmer akasema kwa sauti ndogo.

Marlisa hakulia. Alimhamisha Emery kutoka bega la kushoto kwenda la kulia, akavuta pumzi, akanyoosha mgongo. Nilijiambia, Verlie, umeushika ukweli wako vizuri, na tazama aliyeulipia.

Curley naye hakufurahi. Nilitegemea atafurahi. Alikuwa anatazama mikono yake.

Wakili akaanza kusema kuhusu mwezi wa sita, kuhusu chumba na Ijumaa, jaji akamwinulia kidole.

"Ngoja. Mama Lemelle, bado uko chini ya kiapo. Karatasi hukuiona ikisainiwa. Haya, umeona nini? Kwa macho yako. Usiniambie uliyosikia."

Sasa hilo ndilo swali ninaloliweza. Sina masomo, lakini nina dirisha la jikoni linalotazama barabara, na tangu Alcide afariki sijawa na haraka.

"Nimemwona anaamka saa kumi na nusu alfajiri, Mheshimiwa. Siku zile alipokaa kwangu. Anachemsha chupa za mtoto, anafanya masomo mpaka saa kumi na mbili, anapanda basi. Aliporudishwa kwa baba yake, basi linapita mbele ya nyumba yangu, na sijaona siku hata moja limepita bila wao. Mwezi wa kwanza mtoto alishikwa na homa, Curley yuko baharini. Alimleta kwangu ameshampima, ameandika nyuzi za joto na saa kwenye daftari. Mimi nilitaka kumpaka mafuta ya taa na vitunguu. Akaniambia, Nanan, samahani, hapana. Akaita daktari."

Wakili akatabasamu. Earline akanong'ona, "Mafuta ya taa, Verlie, kweli?"

"Endelea," jaji akasema.

"Sijamwona akimpiga mtoto. Sijamwona akimwacha kwa mtu ili aende kucheza dansi, na ana miaka kumi na saba, mimi umri huo nilikuwa sikosi dansi ya Jumamosi. Misa nimemwona. Mkesha wa Watakatifu Wote nimemwona akipaka chokaa kaburi la mama yake, saa saba nzima, mimi nimemshikia mtoto—"

"Nani?"

Ilikuwa sauti ya Curley. Jaji akamtazama, lakini Curley alikuwa ananitazama mimi.

"Bi Verlie, nani alipaka kaburi la Odalie?"

"Marlisa. Kwa brashi ya Alcide."

"Ernestine aliniambia alituma mtu akamlipa."

"Basi mtu huyo alichelewa, maana chokaa ilikuwa imeshakauka."

Curley akageuka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu Emery azaliwe kumtazama binti yake usoni. "Mbona hukusema?"

"Baba, ungenisikia lini?" Marlisa akasema. Hakuwa na ukali. "Ulikuwa huongei na mimi."

"Nilimshukuru Ernestine. Nilimpelekea ua la waridi kwa posta."

"Lilifika?" Earline akauliza, na wakili akakohoa kuficha kicheko.

Jaji akasema, "Bwana Papillion, tuache mashahidi. Jumatatu ile, kwenye gari. Ulilazimishwa?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Ulikuwa umelewa?"

"Silewi siku ya safari. Nilikuwa na hasira." Akajikuna shavu. "Nilisaini nikisema, haya, anataka kuondoka, aondoke, aone. Halafu kule baharini hasira ikaisha, nikaogopa. Nilimwahidi mama yake sitamwacha. Nikaona nimemtupa kwa kalamu. Ndiyo maana nimekuja kuikana."

"Karatasi hii haimfanyi asiwe binti yako," wakili akasema kwa upole. "Itamfanya aweze kusaini mkataba wa chumba kesho."

"Maili kumi na tano, baba," Marlisa akasema. "Nakwenda mjini tu, sivuki bahari. Ukirudi nchi kavu unaweza kupita. Hata bila kuongea. Ukae tu, ule."

Emery aliona watu wote wanamtazama mama yake, akadhani ni zamu yake, akacheua maziwa kwenye gauni la watu. Marlisa akafuta kwa kiganja bila hata kutazama, kama mtu anayefukuza nzi. Curley aliuona mkono ule. Mimi nilimwona akiuona.

Akasema, "Wilmer, una muhuri wako hapo?"

Wilmer akatoa muhuri mfukoni, umefungwa kwenye leso. Anatembea nao hata kanisani.

"Mheshimiwa," Curley akasema, "naweza kuandika tena? Mbele ya hawa?"

Jaji akavaa miwani tena. "Umefikiri?"

"Nimefikiri siku kumi na nne kwa kichwa cha Ernestine. Sasa hivi nafikiri kwa cha kwangu."

Wakili alikuwa na nakala safi kwenye faili. Jaji akasogeza simu na kikombe chake kutoka mezani. Tukasimama sote kuizunguka meza ile, Wilmer upande huu, mimi na Earline upande ule, kama tunaokata keki. Curley akainama.

"Mnaona?" jaji akauliza.

"Tunaona," tukasema pamoja.

Alisaini polepole, Curley Joseph Papillion, majina yote matatu, kalamu imepotea ndani ya mkono ule. Nikasaini mimi. Nilikuwa sijawahi kutia saini kitu nilichokiona, na niseme kweli, herufi zangu zilitoka nzuri zaidi. Earline akasaini kwa mkwaruzo wake. Wilmer akagonga muhuri kwa nguvu mpaka kijiko kikalia kwenye kikombe cha jaji. Kisha jaji akachukua karatasi yake mwenyewe, akaisoma yote kwa sauti mpaka mwisho, akaandika jina lake chini, akasema, "Kuanzia sasa, Marlisa Papillion, mbele ya sheria wewe ni mtu mzima. Chumba chako usiende kusaini kesho. Nenda leo."

Nikakaa. Sikumbuki kama nilisali au nililia, nadhani nilifanya yote mawili. Earline alinipa leso yake akanipiga piga mgongoni, akaniambia, "Ungedanganya ungeharibu. Nilikuambia useme ukweli."

"Uliniambia lini?"

"Moyoni."

Marlisa alikuwa amemkumbatia wakili, mtoto katikati. Alipogeuka, baba yake alikuwa mbele yake. Curley aliingiza mkono katika mfuko wa koti la mazishi, akatoa soksi ndogo ya buluu, ile iliyopotea kwenye ngazi. Alikuwa nayo muda wote ule. Akaushika ule unyayo ulio wazi, unyayo wote ukatoshea kati ya kidole chake gumba na kinachofuata, akamvalisha Emery soksi, akaivuta mpaka juu ya kifundo isitoke tena. Emery akamshika kidole. Curley akangoja mpaka mtoto alipokiachia mwenyewe, akavaa kofia yake, akafungua mlango, akatoka.